Maji Hayageuki Petroli: Vifaa vya Haidrojeni na Ulaji wa Mafuta katika Barabara za Tabora

Bei ya mafuta ikipanda, ahadi moja hurudi mjini. Funga kifaa kidogo chini ya boneti, kijaze maji, kiunge na betri. Kitatoa gesi ya haidrojeni itakayoingia kwenye injini pamoja na hewa, na gari litapunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 20, 30 au hata 50. Ahadi hiyo husambaa kwa video za simu zinazoonyesha mapovu yakichemka kwenye kopo la plastiki na dereva akisifia. Upande wa pili wapo wanaosema huo ni utapeli mtupu na kuishia hapo. Mwenye Probox ya kubeba abiria kati ya Tabora na Nzega, au mwenye Fuso linalopeleka mchele Kigoma, hubaki njia panda: akipuuza, huenda anatupa fedha kila siku, akikubali, huenda anatupa fedha kwa mkupuo.

Swali linastahili jibu lililopimwa. Uchambuzi huu unaeleza kifaa chenyewe, hoja za wanaokitetea, hoja za wanaokipinga, nguvu na udhaifu wa kila upande, na mwisho unapima wapi fedha ya mwenye chombo itafanya kazi zaidi.

Umbali ndio mzizi wa swali

Tabora ilikua kwa sababu ya safari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kupumzika Kazeh na Kwihara kabla ya kuelekea Ujiji au kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipopita njia hiyo mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh. Pembe na vitambaa vilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na gharama kubwa ya msafara ilikuwa posho ya watu hao pamoja na hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyotozwa njiani. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku, lakini kanuni haikubadilika: kila kinachofika bara kimelipiwa umbali.

Mafuta nayo yanafuata kanuni hiyo. Yanashushwa bandarini, yanasafirishwa, na bei kikomo ambayo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, huitangaza kila mwezi hujumuisha gharama ya kuyafikisha mahali husika. Ndiyo maana lita moja Tabora, Urambo au Kigoma huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam. Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine kuvuruga soko la dunia, lita ya petroli Dar es Salaam yenyewe ilifika shilingi 3,410 hata baada ya serikali kutoa ruzuku. Mikoa ya magharibi ililipa zaidi ya hapo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, linapita Nzega na Igunga, lakini mafuta ghafi hayajazwi kwenye tangi la gari, kwa hiyo kupita kwake hakushushi bei ya sheli za Tabora.

Mahali ambapo kila lita inauma hivi, mtu akiahidi kupunguza theluthi ya ulaji lazima asikilizwe. Gari linalokwenda kilomita 1,500 kwa mwezi na kula lita 8 kwa kila kilomita 100 hutumia lita 120. Kuokoa asilimia 30 ni kuokoa lita 36 kila mwezi, na kwa bei ya shilingi 3,200 kwa lita, hizo ni shilingi 115,200. Kwa hesabu hiyo hata kifaa cha shilingi nusu milioni kingejilipa ndani ya miezi mitano. Anayekinunua hafanyi ujinga. Anapiga hesabu sahihi juu ya ahadi ambayo hajapata nafasi ya kuipima.

Mambo matatu yanayochanganywa

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuunganisha teknolojia tatu tofauti.

La kwanza ni gesi asilia iliyoshindiliwa. Gesi ya Songosongo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na leo magari na bajaji nyingi za jijini zimefungwa mitungi na mfumo wa kutumia gesi hiyo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofanya kazi ya kubadili mifumo. Nafuu yake ni ya kweli, na sababu yake ni rahisi: gesi ni nishati iliyochimbwa ardhini, inajazwa kituoni, na kwa kiasi kilekile cha nishati bei yake iko chini ya petroli. Injini haili nishati pungufu; inakula nishati ya bei nafuu.

La pili ni gari la haidrojeni lenyewe, kama Toyota Mirai lililoanza kuuzwa mwaka 2014. Gari hilo hubeba haidrojeni iliyotengenezwa kwingine, ikashindiliwa kwenye matangi imara kwa mgandamizo wa baa 700, kisha kuigeuza kuwa umeme wa kuendesha mota. Hapa pia haidrojeni hununuliwa na kujazwa kutoka nje.

La tatu ndilo linalojadiliwa hapa: kifaa kinachotengeneza haidrojeni ndani ya gari lenyewe, kwa maji na umeme wa gari hilohilo. Wauzaji hukiita HHO. Mtu akisikia kuwa dereva wa Dar es Salaam amepunguza gharama kwa "gesi", na kwamba Wajapani wana gari la haidrojeni, ni rahisi kuamini kwamba kopo la maji chini ya boneti ni ndugu wa hayo mawili. Tofauti ni moja na ndiyo inayobeba uchambuzi wote: katika teknolojia mbili za kwanza nishati inaingia garini kutoka nje. Katika ya tatu haiingii.

Kifaa kinavyofanya kazi

Ndani ya kopo mna vibati vya chuma cha pua vilivyopangwa kwa kupishana, vikiwa vimezama katika maji yaliyochanganywa na kemikali ya kupitisha umeme, mara nyingi potasiamu haidroksidi au magadi. Umeme wa volti 12 hadi 14 ukipita, maji hupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo mbili hutoka zikiwa zimechanganyika, hupita kwenye chupa ya pili yenye maji inayotakiwa kuzuia moto usirudi nyuma, kisha bomba jembamba huzipeleka kwenye njia ya hewa ya injini, baada ya ea klina.

Kifaa cha kawaida chenye vyumba sita kikivuta ampea 20 hutoa takriban lita moja na robo ya gesi mchanganyiko kwa dakika. Theluthi mbili ya gesi hiyo ni haidrojeni. Kwa saa nzima ni gramu nne na nusu za haidrojeni, kutoka kwenye gramu 40 hivi za maji. Hakuna ubishi hapa. Gesi inatoka, inawaka, na mapovu ya kwenye video ni ya kweli. Ubishi unaanza pale tunapouliza gesi hiyo inaisaidia nini injini.

Hoja ya kwanza: maji ni nishati ya ziada

Toleo la kwanza la utetezi linasema maji yana haidrojeni, haidrojeni ni moto, kwa hiyo lita ya maji inachukua nafasi ya petroli fulani. Nguvu ya hoja hii ni kwamba nusu yake ni ukweli wa darasani. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli.

Udhaifu wake ni kwamba maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ili kuirudisha katika hali ya kuweza kuungua tena, lazima ilipiwe nishati ileile iliyoitoa ilipoungua, na katika vifaa halisi hulipiwa zaidi. Mlipaji ni altaneta. Altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, na injini inakula mafuta ya tangi lilelile linalotakiwa kuokolewa.

Tuipime kwa safari halisi. Tabora hadi Nzega ni takriban kilomita 115. Kwenda na kurudi ni kilomita 230. Gari la petroli la injini ya lita moja na nusu, likila lita 8 kwa kilomita 100, litatumia lita 18.4 kwa saa zipatazo tatu za mwendo. Kwa muda huo kifaa cha ampea 20 kitatoa haidrojeni yenye nishati sawa na mililita 50 za petroli. Umeme wa kuitengeneza ni wati 270 kwa saa tatu. Altaneta ikigeuza asilimia 55 ya nguvu inayopokea kuwa umeme, na injini ikigeuza asilimia 30 ya mafuta kuwa nguvu, umeme huo umegharimu mililita 550 hivi za petroli. Gari limetoa mililita 550 ili lirudishiwe 50.

Mfano wa misafara unafaa hapa: kifaa hiki ni mpagazi anayekula posho mara kumi na moja ya mzigo anaoubeba. Hata altaneta ikiwa bora na injini ikiwa ya kisasa zaidi, hesabu inapungua makali lakini haigeuki upande.

Kuna njia nyingine ya kuikagua ahadi hii bila kugusa umeme kabisa. Kwa mwendo huo, lita moja ya maji itadumu saa 25. Katika saa hizo gari letu litakuwa limekunywa zaidi ya lita 150 za petroli. Haidrojeni yote iliyomo katika lita moja ya maji, hata kama ingepatikana bure, ina nishati ya lita 0.4 hivi za petroli. Lita 0.4 haziwezi kuwa asilimia 30 ya lita 150. Hazifiki hata asilimia moja. Muuzaji anayesema kopo linajazwa mara chache sana anadhani anasifia bidhaa yake, kumbe anatoa ushahidi dhidi yake.

Hoja ya pili: haidrojeni huboresha uchomaji

Watetezi makini wameiacha hoja ya kwanza. Wanasema haidrojeni si mafuta ya ziada bali ni kichocheo: mwali wake hukimbia kwa kasi mara kadhaa kuliko mwali wa petroli, kwa hiyo kiasi kidogo tu huharakisha na kukamilisha uchomaji wa petroli ambayo ingetoka bila kuungua.

Hii ni hoja yenye mizizi ya kisayansi na haifai kudharauliwa. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilichapisha utafiti wa injini ya silinda nyingi iliyoendeshwa kwa petroli peke yake na kwa petroli iliyoongezwa haidrojeni. Haidrojeni iliharakisha mwali kwelikweli, na injini iliweza kufanya kazi ikiwa na hewa nyingi na mafuta machache kuliko kawaida, huku moshi mchafu ukipungua. Tafiti nyingine za maabara tangu hapo zimeonyesha mwelekeo kama huo. Wauzaji wanaoutaja utafiti huo hawadanganyi kwamba upo.

Lakini kuna mambo matatu ambayo hutajwa mara chache. Kwanza, haidrojeni ya utafiti ule ilitoka kwenye mitungi na kwenye mtambo wa kuichakata methanoli. Haikutengenezwa kwa altaneta ya injini inayopimwa. Pili, watafiti wenyewe walieleza kwamba kiwango cha chini kabisa cha nishati iliyotumika hakikubadilika: kilihamia tu kwenye mchanganyiko mwembamba zaidi. Tatu ni kiasi. Injini yetu ya lita moja na nusu, ikikimbia kwa mwendo wa barabarani, huvuta takriban lita 900 za hewa kwa dakika. Kifaa kinaipa chini ya lita moja ya haidrojeni kwa muda huo, yaani kama sehemu moja kwa elfu. Haidrojeni peke yake hewani haishiki moto mpaka ifikie asilimia 4. Kiasi cha kwenye kopo ni kidogo mno kuubadilisha mwendo wa mwali kwa namna inayoweza kuonekana kwenye tangi.

Lipo na pingamizi zito zaidi. Hoja ya kichocheo inadhani kuna petroli nyingi inayotoka bila kuungua. Haipo. Injini ya petroli iliyo nzima huchoma asilimia 95 hadi 98 ya mafuta yake, na ya dizeli hufika 98 na kupita. Nishati inayopotea, ambayo kweli ni zaidi ya nusu, inapotea kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi baada ya mafuta kuungua vizuri. Hata haidrojeni ingechoma kila tone lililobaki, faida ya juu kabisa ingekuwa asilimia chache, na kati ya hizo asilimia 3 tayari zimekwenda kuzungusha altaneta. Kwa Fuso na Scania za dizeli zinazobeba mizigo ya Kigoma, kilichobaki cha kuokoa ni kidogo zaidi.

Mbona basi wapo madereva wanaoona nafuu?

Ushuhuda wa madereva ndio silaha kubwa ya wauzaji, na si haki kuwaita wote waongo. Wengi wanasema walichokiona. Tatizo ni kwamba mambo mengi hubadilika siku moja na kifaa.

Fundi anapofunga kifaa hufungua boneti. Mara nyingi husafisha ea klina, hubadili plagi, huangalia nozeli na upepo wa matairi. Gari lililokuwa halijafanyiwa sevisi kwa muda mrefu litapungua ulaji kwa sababu ya sevisi hiyo, na sifa yote itakwenda kwa kopo.

Dereva naye hubadilika. Mtu aliyetoa fedha nyingi na anayehesabu kila lita hupunguza mguu kwenye kanyagio, haovateki ovyo, hashiki breki za ghafla. Hiyo peke yake inatosha kuonekana.

Kipimo chenyewe ni legelege. Kujaza tangi "mpaka juu" katika sheli mbili tofauti kunaweza kutofautiana kwa lita moja au mbili kutegemea mteremko wa uwanja na pampu inavyokata. Kwa tangi la lita 40, lita mbili ni asilimia 5, yaani kosa linaloweza kuzidi faida yoyote halisi ya kifaa. Pia mafuta hayana ubora mmoja wakati wote. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba serikali ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Aliyebadili sheli wiki aliyofunga kifaa hajui amepima nini.

Na kwa ukanda huu kuna sababu ya pekee: barabara. Tangu muongo wa 2010 vipande vingi vya njia ya Nzega, Tabora, Urambo na Kaliua vimewekwa lami. Gari lililokuwa likisota kwenye mchanga na matope kwa gia ya pili likianza kutembea kwenye lami hupunguza ulaji kwa kiasi ambacho hakuna kifaa kinachoweza kukifikia. Mwenye kulinganisha masika ya mwaka jana na kiangazi cha mwaka huu analinganisha barabara mbili.

Rekodi ya maabara na mahakama

Mamlaka ya Mazingira ya Marekani imepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta, vya aina zote, na haijapata hata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilimfikisha mahakamani Dennis Lee na kampuni zake kwa kuuza kifaa cha haidrojeni kilichodaiwa kuongeza angalau asilimia 50 ya kilomita kwa kila lita, na mahakama ikasimamisha mauzo hayo. Kabla ya hapo, mwaka 1996, mahakama ya Ohio ilimwamuru Stanley Meyer arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili baada ya kuona kwamba seli yake ya maji ilikuwa udanganyifu. Nchini Ufilipino, Daniel Dingel, aliyedai kwa miongo kadhaa kuwa na gari la maji, alihukumiwa kwa utapeli mwaka 2008.

Mfano wa Pakistan unatugusa zaidi, kwa kuwa ulitokea katika nchi yenye shida ya mafuta kama yetu. Mwaka 2012 Agha Waqar Ahmad alionyesha kwenye televisheni gari alilodai linatumia maji. Mawaziri walimsifu, na hata Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi maarufu wa nyuklia, alimuunga mkono. Wanafizikia akiwemo Pervez Hoodbhoy walisimama hadharani kueleza kwamba jambo hilo linakiuka kanuni za msingi za nishati. Gari hilo halikuja kuitoa Pakistan katika shida yake. Somo lake ni kwamba heshima ya anayesifia haiwezi kushika nafasi ya kipimo.

Watetezi hujibu kwamba kampuni za mafuta zinazuia ukweli. Jibu hili lina udhaifu mmoja mkubwa: watengenezaji wa magari wanashindana vikali kupunguza ulaji hata kwa asilimia moja, na hutumia fedha nyingi kwa ajili hiyo. Toyota ilibuni mfumo mzima wa haibridi ili kuokoa mafuta. Kopo la maji na vibati vichache lingekuwa rahisi kuliko yote hayo.

Gharama zisizotajwa

Kifaa kisichosaidia kingeweza kusamehewa kama kisingedhuru. Hiki kinaweza kudhuru kwa njia nne.

Ya kwanza ni sensa. Magari ya nozeli yana sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, nayo huiambia kontroboksi iongeze au ipunguze mafuta. Kifaa kinapoingiza oksijeni ya ziada, kontroboksi hudhani mafuta ni machache na huongeza. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji huambatanisha kisanduku cha kuidanganya sensa. Hapo mafuta yanaweza kupungua kweli, lakini yanapungua kwa sababu injini inanyimwa mafuta, na ingekuwa hivyo hata kopo likiwa tupu. Injini ya petroli inayoendeshwa kwa mchanganyiko mwembamba kuliko ilivyokusudiwa hupoteza nguvu, hukosa kulipua vizuri, na mwisho huharibu masega ya kusafisha moshi yaliyomo kwenye bomba lake.

Ya pili ni mlipuko. Haidrojeni na oksijeni zilizokwisha kuchanganyika kwa uwiano kamili hulipuka kwa cheche ndogo. Injini ikirudisha moto nyuma na chupa ya kinga ikawa imekauka, kopo hupasuka chini ya boneti.

Ya tatu ni kemikali. Potasiamu haidroksidi inaunguza ngozi na macho, na ukungu wake ukiingia kwenye injini hula sehemu za alumini. Ya nne ni umeme: ampea 20 za kudumu huzeesha altaneta na betri, na waya uliofungwa bila fyuzi inayofaa unaweza kuteketeza gari.

Fedha hiyo ingefanya nini kwingine?

Kila shilingi iliyokwenda kwenye kopo imekosekana mahali pengine. Takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani, zilizotokana na vipimo vya magari halisi, zinatoa mwanga. Kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40. Kulifanyia sevisi gari lisilo sawa huleta wastani wa asilimia 4. Matairi yenye upepo sahihi huleta hadi asilimia 3. Kila kilo 45 za mzigo usiohitajika huongeza ulaji kwa karibu asilimia 1. Mzigo mkubwa wa juu ya keria, kama magunia ya mkaa au ndoo za asali tunazoziona kila siku, unaweza kula asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu. Na ulaji hupanda haraka mwendo ukizidi kilomita 80 kwa saa.

Njia hizi nazo zina mapungufu yake, na ni haki kuyasema. Sevisi nzuri inahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kontroboksi na vipuri visivyo bandia. Kupunguza mzigo kunapunguza kipato cha siku. Gesi asilia, ambayo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, vituo vyake vimejikita Dar es Salaam na jirani zake. Mwenye gari Tabora hawezi kuitegemea mpaka vituo vifuate barabara. Kwa mizigo mizito, treni ya umeme iliyoanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 itabadili hesabu pale vipande vya Makutupora hadi Tabora, Isaka na Kigoma vitakapokamilika, lakini haitafika mlangoni kwa kila mkulima wa Sikonge. Hakuna dawa moja ya umbali.

Nani athibitishe, na vipi?

Mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumdanganya mlaji kuhusu uwezo wa bidhaa, na Shirika la Viwango, TBS, lipo kwa ajili ya ubora na usalama. Kipimo chenyewe si kigumu, na chuo cha ufundi kama VETA Tabora kingeweza kukifanya na wanafunzi wakajifunza.

Chukua gari moja, dereva mmoja, mzigo mmoja, na barabara tambarare ya Nzega. Lifanyie sevisi kwanza, kabla kifaa hakijafungwa. Lilishe petroli kutoka kwenye galoni la pembeni linalopimwa kwa mizani kabla na baada ya safari, badala ya kutegemea pampu ya sheli. Weka swichi ambayo dereva haioni, ili asijue lini kifaa kinafanya kazi. Endesha safari kadhaa kikiwa kimewashwa na kadhaa kikiwa kimezimwa, kwa kupishana, saa zilezile za asubuhi. Kama tofauti ya asilimia 20 ipo, itajitokeza waziwazi kwenye safari chache tu. Muuzaji anayekwepa kipimo cha namna hii amekwisha kujibu swali.

Majumuisho

Hoja ya kwamba maji ni nishati ya ziada inaanguka kabisa: kifaa kinatumia mafuta mengi kutengeneza gesi kuliko gesi hiyo inavyorudisha. Hoja ya kichocheo ina msingi wa kweli maabarani, lakini inahitaji haidrojeni nyingi mno kuliko inayotoka kwenye kopo, iliyotengenezwa nje ya gari, na injini iliyobuniwa kuitumia. Ushuhuda wa madereva ni wa kweli kama hisia, ila unaelezwa na sevisi, mguu mwepesi, lami mpya, vipimo legelege na sensa zilizodanganywa. Dhidi ya faida isiyoonekana kuna hatari zinazojulikana kwa injini, kwa umeme wa gari na kwa watu waliomo.

Mwenye chombo wa Tabora ana sababu zote za kutafuta nafuu, na anastahili kulindwa dhidi ya wanaoigeuza shida yake kuwa soko. Kabla ya kununua aulize jambo moja: nishati hii inaingia garini kutoka wapi? Ikiwa jibu ni "kwenye betri," basi inatoka kwenye tangi lake mwenyewe. Fedha aliyoitenga aanze nayo kwenye upepo wa matairi, plagi, nozeli na sensa. Na wenye mamlaka wapime vifaa hivi hadharani, watangaze matokeo kwa Kiswahili kinachoeleweka gereji, kabla mfumuko mwingine wa bei haujawaletea wauzaji wateja wapya.